Teno ya Kifaransa yenye jina nisilolijua: naombeni macho yenu kabla sijatoa hela

Teno_Tamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekutana na saksafoni ya teno inauzwa. Muuzaji anasema ni "Mfaransa halisi wa mwaka 1900, kazi ya mwanafunzi wa Adolphe Sax mwenyewe". Kwenye domo (ule mdomo mpana wa ala) pamechorwa jina la duka fulani la Paris. Nimelisaka mtandaoni mpaka nimechoka, hakuna la maana. Chini ya jina pameandikwa "Breveté S.G.D.G.", na pembeni kuna medali mbili za duara. Nyuma, chini ya ndoano ya kidole gumba, kuna namba ambayo tarakimu yake ya kwanza imefifia, pamoja na maneno "Made in France". Laka ipo, ila imebabuka sehemu nyingi.

Mimi napuliza alto kwa sasa, teno huwa naazima, na mwenye nayo ameanza kununa. Bei aliyotaja muuzaji si ya kutupa, lakini haifiki hata karibu na ya Selmer, wale watengenezaji wakubwa wa Paris. Picha nimeweka. Hiki ni chuma gani, na je, nitoe hela?

Mzee_wa_Ridi

Uzi mtamu huu. Naweka kambi hapa hapa.

fundi_pedi

Mkuu Teno_Tamu, kwanza tumzike huyo mwanafunzi wa Sax.

Adolphe Sax, aliyebuni saksafoni, alipata hataza yake (haki ya kisheria ya uvumbuzi) Paris mwaka 1846, na ilipoisha mwaka 1866 kila mwenye karakana Ufaransa alikuwa huru kutengeneza saksafoni. Kampuni ya Buffet-Crampon waliingia mwaka huohuo. Sasa kama kila aliyekuja baadaye tutamwita mwanafunzi, basi hata mimi ni mwanafunzi wake.

"Breveté S.G.D.G." si jina la fundi wala la kampuni. Ni tangazo la hataza: kitu kimesajiliwa, lakini serikali haidhamini kwamba kinafanya kazi inavyodaiwa. Wafaransa waliandika hivyo kwenye kila kitu, kuanzia kufuli hadi pampu, mpaka sheria ya hataza ilipobadilishwa mwaka 1968. Inakuambia tu kwamba ala ni ya kabla ya hapo.

Medali nazo zinadanganya wengi. Mwaka ulioandikwa ndani ya medali ni wa maonyesho ambako kampuni ilishinda tuzo, hauna uhusiano na mwaka ala ilipotoka kiwandani. Couesnon, watengenezaji wengine wa Paris, walichora sifa zao za Maonyesho ya Paris 1900 kwenye ala kwa miaka mingi sana baada ya maonyesho yenyewe kufungwa. Nina hakika 1900 ya muuzaji wako imetoka humo.

"Made in France" ni ya maana zaidi. Mfaransa anayemuuzia Mfaransa mwenzake haandiki Kiingereza. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyolazimisha bidhaa za nje kuandikwa nchi zilikotoka, kwa hiyo ala yako ilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje.

Halafu angalia picha yako ya tatu. Vile vifuniko viwili vikubwa vya domo, vya B na Bb ya chini, viko upande gani? Ukiishika ala kama unapuliza, viko kulia. Selmer ndio waliohamishia vifuniko hivyo kulia walipotoa modeli ya Balanced Action mwaka 1936, na wengine wakafuata. Kabla ya hapo vilikaa kushoto, au kimoja huku kimoja kule kama kwa Wamarekani wengi. Kwa hiyo teno yako imezaliwa baada ya 1936, pengine muda mrefu baadaye.

Nitumie picha nne zaidi: ukingo wa tundu moja kubwa baada ya kufungua kifuniko chake, kinga za vifuniko vya domo kwa karibu, kiungo kinacholishika domo na mwili, na shingo ikitazamwa kutoka ubavuni. Usiniletee picha za nakshi tena. Nakshi ni ya mwenye duka.

Selmer_au_Basi

Mkuu usijichoshe. Kwenye teno za Kifaransa kuna Selmer, halafu kuna vyuma vya kupimwa kwa kilo. Weka akiba, tafuta Mark VI, modeli ya Selmer, yenye namba ya tarakimu tano, umemaliza. Shaba yake ilitokana na maganda ya mizinga ya vita, ndiyo maana inaimba vile. Hakuna tena shaba kama hiyo duniani.

fundi_pedi

Selmer_au_Basi, ndugu yangu, hiyo ya maganda ya mizinga tumeisikia wote kijiweni na hakuna aliyewahi kuleta ushahidi. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, inanunuliwa kwa mabamba.

Selmer ni wakali, sibishi. Kampuni ilianza 1885, saksafoni ya kwanza wakaitoa mwaka 1922, na mwishoni mwa miaka ya 1920 wakainunua karakana ya familia ya Sax yenyewe. Lakini ukimwambia mtu "tafuta Selmer" bila kumwonyesha Selmer ipi, unampeleka machinjoni. Ziko za miaka ya 1920 zenye sauti laini ambazo vidole vya leo vitazilalamikia. Kuna ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 ambayo wakusanyaji wanaiita Cigar Cutter kwa sababu ya umbo la mtambo wa oktavo kwenye shingo. Halafu Balanced Action ya 1936. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaja Super Balanced Action, na hii unaitambua hata kwa mbali: simamisha ala mbele yako uangalie vifuniko vya mkono wa kushoto na vya mkono wa kulia. Kwenye Balanced Action vimejipanga mstari mmoja ulionyooka. Kwenye Super Balanced Action safu moja imesogezwa pembeni kufuata mkono unavyokaa. Mark VI ikafuata 1954, ikaendelea mpaka katikati ya miaka ya 1970.

Miaka ishirini hiyo, mkuu. Kiwanda kiliendelea kubadilisha shingo, kiwiko na vipimo vingine bila kubadilisha jina. "Tarakimu tano" maana yake ni namba iliyo chini ya 100,000, yaani kuanzia mwanzo mpaka kama mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watu wanalipia tarakimu hizo kana kwamba zinapuliza zenyewe. Nimeshika za tarakimu sita zilizoziacha mbali za tarakimu tano. Na orodha za namba za Selmer zenyewe ni za kukadiria. Ala ingeweza kukaa ghalani kabla ya kuuzwa, na nyingine zilipelekwa vipande vipande hadi Elkhart, Indiana, zikaunganishwa na kupakwa laka huko.

Na muwe macho na neno Selmer likiwa peke yake. Bundy inauzwa kila siku kama "Selmer ya zamani", na Bundy ni ala ya wanafunzi ya Marekani. Haikutoka Paris.

Selmer_au_Basi

Sawa fundi, maganda nimeyaacha. Lakini magwiji wa jazi, John Coltrane alipuliza Selmer, Sonny Rollins amepuliza Mark VI. Hilo hulifuti.

fundi_pedi

Silifuti. Ila wao wangetoa sauti ileile hata kwenye bomba la maji. Tatizo la Teno_Tamu ni kwamba hela yake haifiki kwenye Mark VI nzima. Kwa hela hiyo atapata Mark VI iliyoungwaungwa, yenye shingo ya kuokoteza, iliyosuguliwa na kupakwa laka mara mbili. Kwa hela hiyohiyo anaweza kupata teno ya Kifaransa iliyo kamili kutoka kwa mtengenezaji asiye na jina kubwa. Hapo ndipo uzi huu ulipo.

Dada_Alto

Samahani kuingilia. Nina ofa ya alto iliyoandikwa "Evette & Schaeffer, Passage du Grand Cerf, Paris". Imechovywa fedha, imegeuka nyeusi. Ina vitufe viwili vya kidole gumba vya oktavo, badala ya kimoja. Nayo ni ya kuacha?

fundi_pedi

Dada, hiyo ni Buffet. Evette na Schaeffer waliishika Buffet-Crampon kuanzia 1885, na Passage du Grand Cerf ndiko walikokuwa. Anwani ya namna hiyo ina thamani kuliko medali kumi, kwa sababu anwani huhama na majina ya mitaa hubadilika. Selmer za zamani utakuta 4 Place Dancourt. Couesnon utakuta rue d'Angoulême, mtaa uliobadilishwa jina mwaka 1944 ukaitwa rue Jean-Pierre-Timbaud, kwa hiyo yenye jina la zamani kwa kawaida ni ya kabla ya mwaka huo.

Kugeuka nyeusi ni habari njema, ina maana ni fedha kweli. Nikeli haiwi nyeusi namna hiyo, hufifia tu ikawa na ukungu wa kijivu au umanjano.

Vitufe viwili vya oktavo vinakuambia ni ya zamani hasa. Utalazimika kuhamisha kidole gumba mwenyewe katikati ya ngazi ya juu, kazi ambayo ala za baadaye zinaifanya zenyewe. Angalia pia inashuka mpaka wapi, maana nyingi za kipindi hicho zinaishia B, Bb haipo. Kama unataka kuipigia kwenye bendi kila wiki, utateseka. Kama unaitaka kwa ajili ya muziki wa zamani au kwa mapenzi tu, ni ala nzuri.

Kitu cha pili ni kiwango cha sauti. Ufaransa iliweka noti ya A kisheria kuwa hezi 435 (mitetemo kwa sekunde) mwaka 1859, wakati 440 tunayotumia leo ilikubaliwa kimataifa London mwaka 1939. Tofauti yake ni kama senti 20 (senti 100 ni nusu-toni moja), unasukuma kipulizio ndani kidogo zaidi na maisha yanaendelea. Lakini kuna ala zilizotengenezwa Ufaransa kwa bendi za jeshi za Uingereza, ambazo A yake ilikuwa juu kwenye 452 hivi. Hapo unazungumzia karibu senti 47, na hakuna kipulizio kitakachokuokoa: ukivuta nje kurekebisha noti moja, nyingine zinapishana. Hiyo usinunue hata kwa bei ya kasha lake. Mwambie muuzaji apulize noti za chini na za juu mbele ya kipima sauti na akutumie video.

Na baadaye ukikutana na "Evette" isiyo na Schaeffer, geuza nyuma usome nchi. Jina hilo liliishia kuwekwa pia kwenye ala za bei nafuu, na baadhi zimeandikwa Ujerumani.

Dada_Alto

Asante sana fundi. Nitaomba hiyo video.

Teno_Tamu

Nimerudi. Nimekwenda kuiona mwenyewe na nimepiga picha ulizotaka. Tarakimu iliyofifia nimeimulika kwa tochi ya simu kwa upande, namba ni ya tarakimu tano. Kuhusu ukingo wa matundu: nilitegemea nione ukingo mwembamba uliokatwa wima kama kwenye alto yangu. Hizi zimekunjwa kwa nje, zina duara nene kama ukingo wa sufuria. Matundu yote makubwa yako hivyo, hata yale ya domo. Muuzaji anasema hiyo ni dalili ya ala ya Marekani na sasa amepandisha bei!

fundi_pedi

Haha. Asubuhi ilikuwa ya mwanafunzi wa Sax, jioni imekuwa Mmarekani.

Ni kweli Conn wa Marekani walisifika sana kwa matundu ya kukunjwa. Lakini nyuma ya hii pameandikwa Made in France, na kwa Wafaransa jina la kwanza linalokuja kichwani kwa matundu hayo ni SML. Strasser, Marigaux na Lemaire, waliungana miaka ya 1930, wakatengeneza saksafoni mpaka miaka ya 1980 mwanzoni. Leo jina la Marigaux linaishi kwenye oboe, na wapuliza oboe wanaliheshimu kuliko sisi tunavyowaheshimu Selmer. Nimelinganisha kinga zako za domo na kile kiungo na SML mbili zilizopita mikononi mwangu, na umbo la vitufe vya kidole kidogo cha kushoto. Naiita SML bila wasiwasi. Ni ya baada ya vita, na kwa mtambo ule iko kabla ya zile SML zilizochorwa jina la modeli Gold Medal au sambamba nazo.

Kwa nini ina jina la duka? Hizi ndizo stensili. Duka la muziki linaagiza ala kutoka kiwandani, kiwanda kinachora jina la duka. Ufaransa ilijaa biashara hiyo. Beaugnier walitengeneza ala zilizouzwa kwa majina ya Noblet na Leblanc, na Marekani zikaitwa Vito. SML wenyewe waliwauzia King wa Marekani, zikaitwa King Marigaux. Kuna Pierret, kuna Dolnet, kuna Couesnon, nao walifanya hivyohivyo. Sasa mtu anaandika jina la duka kwenye mtandao, hapati kitu, anaogopa, anaondoka. Ala inakaa sokoni. Jina lile lile lisilojulikana ndilo linalokushushia bei kwa mwili uleule.

Tahadhari moja: stensili nyingine zilikuwa za daraja la chini, mtambo umerahisishwa, matundu ya kawaida. Yako haikurahisishwa, kwa picha hizi.

Mzee_wa_Ridi

Fundi unatoa siri za biashara bure. Wiki ijayo SML zote zitapanda bei.

fundi_pedi

Wacha zipande, ninazo mbili.

Teno_Tamu, kujua ni nini ni nusu ya safari. Sasa tuone kama ni nzima. Rudi na vitu hivi: tochi ndogo inayoingia ndani ya mwili, karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, kipulizio chako unachokijua, na kipima sauti kwenye simu. Fanya haya polepole, na usimwache muuzaji akuharakishe kwa kuongea.

Shingo kwanza, na ukague kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Itazame kutoka ubavuni. Mtu anayeingiza kipulizio kwa nguvu akiwa ameshika mwili wa ala badala ya shingo, huikunja shingo ikashuka. Ishara yake ni mkunjo mdogo upande wa chini, au bomba lenye duara la mviringo kugeuka kuwa bapa karibu na kile kipande kilicholehemiwa juu yake. Pitisha kidole, utauhisi kabla hujauona. Shingo iliyoshuka huvuruga noti za juu. Inaweza kunyooshwa, lakini na fundi anayejua, na bei lazima ishuke. Kama shingo ina namba, ilingane na ya mwili. Kama haina namba, angalia kama laka na uchakavu wake vinafanana na vya mwili. Kisha iingize kwenye kiungo bila kukaza skrubu: ikicheza kama jino la mtoto, pale panavuja.

Ndani ya shingo tafuta madoa ya rangi ya waridi. Hapo zinki imetoka kwenye shaba kwa sababu ya mate ya miaka mingi, imebaki shaba nyekundu tupu yenye vitundu vidogo. Doa moja mbili kwa nje si msiba. Likiwa limetapakaa kwa ndani, shingo inakufa.

Laka iliyobabuka usiiogope kabisa, mimi naifurahia. Ninayoiogopa ni laka inayong'aa kwenye ala ya miaka sabini. Ili kupaka upya wanasugua kwanza, na kusugua kunakula chuma. Tazama nakshi: mistari ikiwa mikali na ina kina, haijaguswa. Ikiwa imelainika, namba nyuma inasomeka kama imeandikwa chini ya maji, na kona za vitufe zimekuwa duara, basi imesuguliwa.

Lehemu: pale kiungo cha domo kinaposhikana na mwili, na nguzo za vitufe. Madoa ya kijivu yaliyotapakaa ni ya fundi wa baadaye, na mara nyingi ina maana ala ilianguka. Nyosha jicho kutoka juu mpaka chini kama unavyokagua mbao, uone kama mwili umepinda.

Halafu zima taa, ingiza tochi ndani, funga vifuniko kimoja kimoja kwa mguso mwepesi. Mwanga unaotoka ni pedi (ule mto ulio ndani ya kifuniko) isiyofunga. Kwa karatasi ya sigara: weka kipande chembamba chini ya pedi, funga kwa upole, vuta. Kila upande uvute kwa uzito uleule. Pedi zote zinabadilishwa, kwa hiyo pedi mbovu ni hoja ya bei tu. Kitakachokugharimu ni fito zilizochoka, zile zinazobeba vitufe na vifuniko. Shika kifuniko kikiwa kimefungwa ukitikise kushoto kulia. Kikilia kwa chuma, kuna kazi.

Mwisho ipulize. Anza na Bb ya chini, kwa sauti ndogo. Halafu G na A ya katikati na oktavo, hapo mtambo wa oktavo unabadilisha kazi, usikie kama unakwama.

Teno_Tamu

Nimerudi tena, nimefanya yote kama ulivyosema. Muuzaji alikuwa ananiangalia kama mgonjwa wa akili nilipozima taa.

Shingo haina namba. Laka yake inafanana na ya mwili, hata mikwaruzo. Kuna kamkunjo kwa chini, sikukaona, nilikahisi kwa ukucha. Doa la waridi ni moja, karibu na tundu la oktavo, kwa nje. Kwenye kiungo inakaa vizuri.

Nakshi ni kali, inakwaruza kidole. Lehemu ya domo ina doa la kijivu, pana kuliko nilivyotaka, lakini mwili umenyooka.

Taa ilitoka kwenye G# kwa upande mmoja, kwenye C# ya chini kote, na kwenye pedi mbili za juu. Karatasi ilitoka bila kushikwa kabisa kwenye F. Vitufe vya mkono wa kulia vinalia kidogo, vya kushoto vimetulia.

Bb ya chini inagugumia, haikai. Lakini kuanzia D kwenda juu, wakuu... Nilipiga noti ndefu ya D ya katikati, yule muuzaji akaacha kuongea. Ina uzito, ina giza kidogo, na ukisukuma pumzi haikatiki. Kwenye kipima sauti ilikuwa sawa mpaka A ya juu, kisha ikapanda juu kidogo kwa noti tatu za mwisho.

Selmer_au_Basi

Nakiri hiyo D ningependa kuisikia.

fundi_pedi

Nisome majibu yako kama kipimo cha hospitali.

C# kuvuja kote ni kifuniko kilichopinda, na kwa kuwa hicho kiko juu zaidi ya domo, kikivuja noti zote chini yake zinagugumia. Ndiyo maana Bb yako haikai. G# ni pedi inayonata, ugonjwa wa saksafoni zote duniani. F isiyoshika karatasi inaharibu kila kitu cha mkono wa kulia. Hayo yote ni pedi na marekebisho. Noti tatu za juu kupanda ni kule kukunjika kwa shingo, au ni wewe unabana mdomo kwa sababu umetoka kwenye alto. Nadhani ni vyote viwili. Lehemu ya kijivu na mwili ulionyooka, nakubali.

Kwa hiyo ni ala nzima inayohitaji pedi zote mpya, kazi ya fito upande wa kulia, na kunyooshwa shingo. Pata bei ya fundi wako kwa kazi hiyo kwanza. Jumlisha na bei ya muuzaji. Halafu linganisha jumla na bei ya SML yenye jina lake, iliyokwisha kukarabatiwa. Jumla ikizidi, mwachie. Na aondoe ile nyongeza ya Umarekani, maana umemwonyesha mwenyewe nchi iliyoandikwa.

Teno_Tamu

Tumezungumza. Nilimwambia kwa heshima: si ya 1900, si ya Sax, si ya Marekani, na pedi zote zinatoka. Amerudi kwenye bei ya mwanzo, kisha akashuka karibu theluthi moja. Nimemuuliza fundi ninayemtumia. Jumla bado iko chini ya SML yenye jina. Nimelipa. Iko sebuleni, na mwenye teno ya kuazima amefurahi kuliko mimi.

Mzee_wa_Ridi

Hongera mkuu! Tuwekee sauti ikitoka kwa fundi.

fundi_pedi

Hongera. Jambo moja la kumwambia fundi wako kabla hajagusa kitu, na umwambie kwa mdomo, usimwachie kikaratasi. Matundu ya kukunjwa hayapigwi tupa kusawazishwa kama ya kawaida. Kwenye tundu la kawaida ukikuta ukingo una wimbi, unaupitisha kwenye tupa bapa, umekwisha. Hapa ukipiga tupa unakula lile duara la juu, na ukilikata limekwenda, halirudi. Tundu lenye wimbi linanyanyuliwa kutoka ndani kwa kifaa, kidogo kidogo, mpaka likae sawa. Kama hajawahi kufanya hivyo, atakuambia tupa inatosha. Mwombe ala yako, ipeleke kwa mwingine.

Na shingo anyooshe kabla ya kuweka pedi, kwa sababu mtambo wa oktavo utahitaji kurekebishwa upya baada ya hapo.

Dada_Alto

Nimepata video ya Evette. Fundi, A yake inasoma 436 kwa chini na 438 kwa juu, kipulizio kikiwa katikati ya koki ya shingo (sehemu kinapoingia).

fundi_pedi

Sukuma ndani zaidi kidogo, dada. Hiyo inafika.